Kasuku si kuku: acheni kutupa mayai yaliyo hai

Mfugaji mmoja wa Buswelu, hapa Mwanza, aliniita nikaone "mayai yaliyoviza". Yalikuwa matano, ya kasuku wa shingo-pete, wale wengi wanaowaita ringneki. Jike alishanyang'anywa, mayai yako kwenye kopo juu ya dirisha, yamepoa tangu jana yake. Nikayapasua moja moja mbele yake. Mawili yalikuwa na makinda kamili, mdomo umeshaelekea upande wa hewa, yamebakiza siku moja au mbili. Mawili mengine yalikuwa nyuma kidogo. Moja tu ndilo halikuwa na mbegu. "Dokta, siku 23 zimepita, nimeongeza na moja ya juu," akanijibu. Ni kweli zilipita. Ila alianza kuhesabu pasipostahili, na si yeye peke yake. Kosa hili nalikuta kila ninapokwenda kwa wafugaji wa ndege wa mapambo, tangu Igoma mpaka Nyegezi.

Nyumba za ndege mnajua kujenga, sitazungumzia hilo. Kulisha mnajua. Kutofautisha dume na jike mnajua, ingawa bado wapo wanaouziwa majike mawili wakiambiwa ni jozi, kwa kuwa dume hana pete mpaka akaribie miaka mitatu. Leo nazungumzia kalenda.

Kosa linatokana na kuku. Kuku wa kienyeji hutaga mpaka yatimie kumi na kitu, ndipo akae. Yai ambalo halijalaliwa limesimama, halikui. Akianza kuatamia, yote yanaanza siku moja, na siku ya 21 vifaranga wanatoka karibu kwa pamoja. Kwa hiyo mkulima ana tarehe moja ya kukumbuka. Kasuku hafanyi hivyo. Anataga yai moja, anaruka siku, anataga jingine, na huwa hasubiri yatimie. Wengi hutulia juu ya mayai kuanzia la pili, wengine kuanzia la kwanza, na jike anayetaga kwa mara ya kwanza anaweza kusubiri la tatu. Kila yai lina safari yake ya siku 22 hadi 24 tangu lilipoanza kupata joto.

Chukueni kalamu. Tuseme yai la kwanza limetagwa tarehe 1 Juni. La pili tarehe 3, la tatu tarehe 5, la nne tarehe 7, la tano tarehe 9. Jike ametulia tarehe 3. Kwa siku 23, yai la kwanza na la pili yanatarajiwa tarehe 26 Juni, la tatu tarehe 28, la nne tarehe 30, na la tano tarehe 2 Julai. Sasa angalieni mfugaji wetu: alihesabu 23 kuanzia tarehe 1, akapata tarehe 24, akaongeza siku moja ya huruma, tarehe 25 akatupa. Hakuna hata yai moja lililokuwa limefika siku yake! Yai la tano lilikuwa na siku 16 tu.

Yai haliondolewi kabla halijatimiza siku 28 tangu litagwe, yaani tangu litagwe lenyewe, si tangu litagwe la kwanza. Kwa mfano wetu, la tano linasubiri mpaka tarehe 7 Julai. Wakati huo jike atakuwa na makinda wa siku kumi na moja pembeni, na hana shida na hilo.

Huwezi kufuata hesabu hii kama hujui yai lipi ni lipi, kwa hiyo andikeni namba. Tumieni penseli laini, tarakimu ndogo kwenye upande wa butu. Msitumie kalamu ya wino wala maka; ganda la yai linapumua na wino unapenya. Andikeni asubuhi, kati ya saa moja na saa mbili, jike anapotoka kujisaidia na kulishwa na dume. Ninyi mnaomfukuza kwa fimbo ili atoke, ndio mnaovunja mayai: akikurupuka anayakanyaga. Msubirini. Kazi yenyewe isizidi nusu dakika, na ifanyike siku moja, mruke moja, wakati wa kutaga tu. Yakishatimia, mlango wa kukagulia kiota (si tundu la jike) ufungwe mpaka siku ya kuyamulika kwa taa. Tarehe zote ziingie kwenye daftari. Simu inaibiwa, na mtoto anafuta.

Kumulika ndiko kunakomaliza ubishi. Yai likifikisha siku 7 hadi 8 za kulaliwa, ingieni jioni giza limeanza. Kateni kadi ngumu, mtoboe tundu la sentimita 1, mfunike taa ya simu, kisha mweke yai juu ya tundu kwa sekunde tano. Yai la kasuku ni dogo, urefu wake kama sentimita 3, linapata moto upesi. Lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lisilo na mbegu linaonekana jeupe, wazi tupu. Lenye duara jekundu lisilo na mishipa limeshakufa. Anayemulika siku ya tatu anajidanganya, atayaita mazuri mabaya.

Na jambo la maji. Mtu anachovya yai ndani ya bakuli kuona kama litaelea! Hilo mlilitoa kwenye mayai ya dukani. Yai la kulaliwa lina hewa ndani, kuelea kwake hakukuambii limekufa. Kama limeshaanza kupasuka, umemzamisha kinda ndani ya nyumba yake. Sitaki kuliona tena.

Vilevile mikono yenu myepesi. Ukiona ufa wa kwanza, tazama saa na uandike. Kinda wa kasuku huchukua saa 24 hadi 48 kutoka kwenye ufa mpaka atoke. Saa hizo anamalizia kunyonya damu iliyo kwenye utando na kuingiza kiini tumboni. Anayembandulia ganda saa ya sita anamtoa damu, kinda anakufa kiganjani, kisha anasema jike mbaya. Zikipita saa 48 na ufa haujasogea, pigia simu daktari wa mifugo kwanza.

Najua kwa nini kosa linadumu. Ukitupa mayai, jike hutaga tena baada ya wiki chache, na mfugaji anajisifu kwamba alifanya vema. Alichofanya ni kumkamua chokaa (kalsiamu) mwilini. Uzao wa tatu au wa nne ndani ya mwaka mmoja ndipo yai linapokwama, ganda likiwa laini, na jike anakutwa asubuhi chini ya banda, amejikunja. Mizao miwili kwa mwaka inatosha, kisha kiota kitolewe. Chokaa isikosekane: maganda ya mayai ya kuku yachemshwe dakika 10, yakaushwe, yasagwe, yakae kwenye kikopo chake mwaka mzima.

Kuna mayai yanayokufa kweli, na huku kwetu sababu yake mara nyingi ni bati. Saa nane mchana kiota kilichobanwa juu kabisa ni tanuri, na mnaoishi milimani kati ya majabali mnajua jiwe linavyoendelea kutoa joto hata baada ya jua kuzama. Kishusheni sentimita 60 kutoka kwenye bati, upande usiopigwa na jua la alasiri. Mbao unene wa sentimita 2, isiyotiwa dawa. Sakafu ya ndani 25 kwa 25, kimo 50, tundu la kuingilia 7.5, maranda kina cha sentimita 7. Ndoo ya plastiki si kiota. Kiangazi cha Juni hadi Agosti wekeni beseni la maji ya kuoga. Jike akirudi na manyoya yenye unyevu, mayai hayakauki.

Makinda wakilia ndani na dume akishinda anabeba chakula, mmefaulu.

Kwa kuwa wanatofautiana umri, wa mwisho ndiye wa kuangaliwa. Kila jioni tazameni kama mfuko wa chakula shingoni mwake umejaa. Ukiwa mtupu jioni mbili mfululizo, ongezeni mahindi mabichi na yai la kuku lililochemshwa, mara mbili kwa siku, na mabaki yasikae zaidi ya saa tatu. Mahindi yenye ukungu hapana. Parachichi hapana kabisa, ni sumu kwa kasuku, hata kipande kidogo.

Nasisitiza pia: nazungumzia ndege waliozaliwa bandani, wenye vibali. Wale kasuku wadogo wa kichwa cha rangi ya chungwa mnaowaona porini upande wa Serengeti ni nyara za serikali, msininong'oneze habari zao.

Mayai yaliyofika siku 28 bila kitu msiyaondoe yote kama kuna makinda wadogo; acheni moja au mawili wayaegemee kwa wiki ya kwanza. Na ukinipigia simu, anza na tarehe ya kila yai. Bila daftari nitakuambia usubiri tu.