Kupima na Kubadilisha Betri ya Gari Iliyochakaa

Kabla ya kuilaumu betri, acha gari lipumzike kwa saa kadhaa, kisha uipime kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme): betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6, na ikisoma 12.2 imebaki na karibu nusu ya chaji. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwa kuwa betri kuukuu huweza kuonyesha volti nzuri ikiwa imetulia na bado ikashindwa kuzungusha stata (mota inayowasha injini); kwa hiyo mwombe mwenzako apige stata huku ukitazama kipimo, na kikishuka chini ya 9.6 ilhali betri ilikuwa imejaa, ni dhahiri imechoka. Injini ikiwa inanguruma, magari mengi husoma kati ya 13.7 na 14.7; kipimo kikibaki chini ya 13, kagua alteneta (jenereta inayochaji betri) kwanza, la sivyo hata betri mpya itaishiwa chaji.

Unapoibadilisha, zima injini, vaa miwani ya kinga na ufungue waya wa hasi kwanza, kwa sababu ukianza na chanya na spana ikagusa bodi ya gari, cheche zitaruka karibu na gesi ya haidrojeni inayotoka kwenye betri, nayo inaweza kulipuka. Sugua unga mweupe ulioganda kwenye vishikio vya nyaya kwa brashi ya waya, kaza betri mpya isitikisike, kisha rudisha chanya kwanza na hasi mwisho.