Jinsi ya kuomba kazi ya chuo kikuu kama sio mhadhiri

Juzi nimekesha na shemeji yangu tukijaza maombi yake ya ofisi ya udahili, nikaona niandike kabla sijasahau, maana na mimi nilishatoswa mara tatu kabla sijaelewa wanachotaka.

1. Soma majukumu, achana na jina la cheo. Afisa utawala wa kitivo anashinda na ratiba na vikao, afisa utawala wa idara ya utumishi anashinda na mafaili ya likizo na mikataba. Cheo kilekile, kazi mbili tofauti. Maktaba, mitihani, maabara, uhasibu, hosteli, kote huko wanaajiri.

2. Fungua akaunti kwenye mfumo, yaani tovuti ya chuo ya kutumia maombi ya kazi.

3. Jibu vigezo kimoja kimoja. Hapa ndo tulikwama masaa manne. Tangazo huwa lina orodha ya sifa, zingine za lazima zingine za nyongeza, na wanaochuja mara nyingi wanakaa na hiyo orodha wanatoa maksi, hawana muda wa kuhisi kwamba unaweza. Shemeji barua yake ilikuwa nzuri tu, "mimi ni mchapakazi na najituma", sasa hapo mtu anatiki wapi? Chora jedwali, kushoto kigezo kama kilivyoandikwa, kulia kitu ulichowahi kufanya kweli. Kigezo kilisema "uwezo wa kuandaa vikao". Yeye kaandika "nina uzoefu wa vikao". Nikamuuliza ulikuwa unafanyaje? Akasema kila mwezi natuma ajenda siku tano kabla, naandika muhtasari, af nawafuatilia wale walioahidi kitu. Nikamwambia dada, andika hivyohivyo!

Ila angalia, kigezo cha lazima usichokuwa nacho usikizungushe kwa maneno, kwenye usaili watakuuliza na utaumbuka. Cha nyongeza kikikosekana omba tu. Halafu usiandikie ndani ya mfumo, ukikaa kimya muda mrefu unakutoa na kila kitu kinapotea, andika pembeni kwenye programu ya kawaida kabisa ndo ubandike, ukishabandika usome tena maana jedwali huwa linavurugika, na kama wameweka kikomo cha maneno vigezo vya lazima vitangulie. Barua za kukopi mtandaoni mimi sizipendi kabisa, zinafanana zote.

4. Viambatisho. Skani, usipige picha kitandani na shuka linaonekana. Faili likikataa kwa ukubwa shusha skana toka 300 dpi (nukta kwa kila inchi) hadi 150, pikseli zinabaki robo na cheti bado kinasomeka. Lipe jina la maana, sio "scan0047".

5. Wadhamini. Wapigie KABLA hujawaandika, uwape na tangazo wasome.

6. Tuma, hifadhi namba ya maombi. Na angalia saa vizuri. Mara yangu ya kwanza tangazo lilisema mwisho 5:00 PM, kichwani ikaniingia saa tano usiku, nikala zangu nikaoga, saa mbili nafungua mfumo nikamalizie, umefungwa toka saa kumi na moja jioni.