Jinsi ya Kutofautisha Jordan 1, Dunk na Air Force 1

Raba tatu za Nike zilizobuniwa kwa ajili ya mpira wa kikapu katika miaka ya 1980, yaani Air Force 1 ya mwaka 1982 pamoja na Air Jordan 1 na Dunk za mwaka 1985, hufanana kiasi kwamba kwenye meza nyingi za mitumba, ambako kiatu hufika bila boksi, zote huitwa Jordan na kutajiwa bei ya Jordan. Kufanana huko kuna sababu. Jordan 1 na Dunk zilitoka mwaka mmoja, mbunifu wake anatajwa kuwa ni yule yule, Peter Moore, na zote tatu zimebeba alama ya Nike ubavuni. Kwa hiyo mnunuzi anayeanza kwa kutazama alama hiyo, au mbaya zaidi rangi, hatafika mbali. Sehemu zinazokitambulisha kiatu ni soli, kisigino na shingo.

Soli itangulie, kwa kuwa ndiyo inayoiondoa Air Force 1 katika kundi mapema. Soli yake ni nene, na ubavuni mwake, karibu na kisigino, limechongwa neno AIR. Soli za Jordan 1 na Dunk ni nyembamba zaidi na hazina neno hilo ubavuni. Wapo wanaogeuza kiatu na kutafuta duara lililo chini ya sehemu ya mbele ya unyayo, ambalo humsaidia mchezaji kuzunguka juu ya mguu mmoja bila kukwama, wakidhani ni la Air Force 1 pekee. Duara hilo lipo kwenye raba zote tatu, hivyo halisaidii. Kadhalika, mfuko wa hewa umo ndani ya soli za Air Force 1 na Jordan 1 na haumo katika Dunk, lakini hauonekani kwa nje, na sioni maana ya kumshauri mtu apasue soli ili kuuthibitisha. Air Force 1 yenye shingo ndefu hutambulika pia kwa mkanda wake wa kubana kifundo cha mguu, na iliyo fupi huwa na maneno NIKE AIR yaliyodariziwa nyuma ya kisigino.

Ugumu wenyewe uko kati ya Jordan 1 na Dunk. Zikiwa na shingo ndefu, tazama upande wa nje wa shingo, pale kifundo cha mguu kinapokaa: Jordan 1 ina mchoro wa mpira wa kikapu wenye mabawa mawili, na Dunk haina kitu mahali hapo. Zikiwa fupi, mchoro huo wa mabawa huhamia nyuma ya kisigino kwenye Jordan 1, ilhali Dunk ina neno NIKE lililodariziwa pale pale. Mabawa yanaweza kuwa yamefifia kwa kuvaliwa sana, hivyo pitisha kidole gumba juu ya ngozi. Alama iliyogandamizwa huacha bonde dogo hata baada ya rangi yake kutoka.

Rangi nayo inadanganya kwa namna ya pekee. Dunk ilipangiwa rangi za timu za vyuo vikuu vya Marekani, kwa mfano manjano na buluu za Michigan, buluu na nyeupe za Kentucky, na chungwa na nyeupe za Syracuse, huku Jordan 1 ikijulikana zaidi kwa nyekundu na nyeusi za Chicago Bulls. Tangu hapo Nike imezirudia raba hizi kwa rangi nyingi mno, kiasi kwamba Dunk nyekundu na nyeusi ni kitu cha kawaida kabisa. Yupo pia ndugu yao wa mwaka 1985, Terminator, iliyotengenezwa kwa ajili ya chuo cha Georgetown na ambayo watu wengi huiita Dunk; hiyo huijua kwa herufi kubwa zilizotanda kisigino kizima.

Ndani ya Jordan 1 yenyewe kuna tofauti inayogusa mfuko wako moja kwa moja, kwa sababu High OG, yaani yenye shingo ndefu kama ya toleo la awali, huuzwa ghali kuliko Mid, yenye shingo ya wastani. Hesabu matundu ya kamba ya upande mmoja: High OG ina tisa, Mid ina manane. Kisha inua ulimi wa kiatu. Kwenye High OG utasoma NIKE AIR, na kwenye Mid utakuta Jumpman, yaani umbo la mchezaji aliyeruka akiwa na mpira mkononi. Kwenye picha za mtandaoni, ambako urefu wa shingo hauonekani vizuri, mimi huamini matundu kuliko maneno ya muuzaji.

Nje ya Nike kazi ni nyepesi. Puma Clyde, iliyotengenezwa kwa ajili ya Walt Frazier, mchezaji wa kikapu wa New York Knicks, ina jina Clyde la rangi ya dhahabu ubavuni, ambapo ndugu yake, Puma Suede, ina neno Suede. Kwa Converse, Chuck 70 hutofautiana na Chuck Taylor ya kawaida kwa kuwa ina turubai nzito, ukingo wa soli ulio mrefu na wa kung'aa, na kibandiko cheusi kisiginoni.

Mwisho soma lebo iliyo ndani ya kiatu, yenye saizi na namba ya toleo. Kwa miaka mingi 555088 ilikuwa Jordan 1 High OG, 554724 ni Jordan 1 Mid, 553558 ni Jordan 1 fupi, DD1391 ni Dunk fupi, na CW2288 ni Air Force 1 fupi. Tarakimu tatu zinazofuata kistari hutaja rangi. Waigaji wanazinakili namba hizi bila shida, kwa hiyo lebo isomwe pamoja na kiatu chenyewe: ikisema 555088 na matundu ya kamba yakawa manane, kirudishe kiatu mezani.