Kuandaa Kompyuta ya Nyumbani kwa Kazi ya Kuandika Programu

Mtu anayeishi Ngamiani au Raskazone jijini Tanga, mwenye kompyuta moja inayotumiwa na familia nzima, hahitaji mashine mpya wala bando kubwa ili aanze kujifunza kuandika programu. Anachohitaji ni kusakinisha kitu kidogo, akisakinishe vizuri, na ahakikishe kwamba kinafanya kazi hata bando likiisha. Kwa sababu hiyo napendekeza lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum wa Uholanzi aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na ambayo hadi leo hupatikana bure. Faili lake la kusakinishia ni takribani megabaiti 30, na intaneti ya simu inatosha kabisa kulipakua.

Kwanza ujue kompyuta yako inatumia Windows gani. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Ukiwa na Windows 10 au 11, chukua toleo jipya la Python. Kama kompyuta ni ya mtumba na bado ina Windows 7, usiitupe, kwa kuwa Python 3.8 inakubali kufanya kazi humo, na ingawa toleo hilo halifanyiwi tena marekebisho ya usalama, misingi yote ya lugha utaipata. Tafuta hasa namba 3.8.10, kwa sababu matoleo ya 3.8 yaliyofuata baada yake hayakutolewa na faili la kusakinishia kwenye Windows.

Pakua kutoka python.org peke yake, na kwa toleo jipya uchague standalone installer, si Python install manager. Miaka kadhaa iliyopita nilipokea programu ndani ya flashi kutoka duka moja la kompyuta, ikaja pamoja na kirusi kilichoficha mafolda yote ya picha za familia, na siku mbili nzima zikapotea katika kuzirejesha. Jambo la bure halina sababu ya kuchukuliwa kwa njia ya uchochoroni.

Faili likishapakuliwa, libofye mara mbili, lakini usikimbilie kubonyeza Install Now. Chini kabisa ya dirisha lile la kwanza kuna kisanduku kidogo chenye maneno Add python.exe to PATH (kwenye 3.8 ni Add Python 3.8 to PATH), nacho huwa hakijawekwa tiki. Kiweke tiki kwanza. PATH ni orodha ya mafolda ambamo Windows hutafuta programu inapotajwa kwa jina. Mkazi wa Ngamiani ataelewa haraka: ukimtajia dereva wa bajaji namba ya barabara anakufikisha, ila ukimtajia jina la mwenye nyumba tu, atazunguka na asifike. Wanaoanza wengi hukwama hapa, kisha hudhani kwamba wao ndio hawana kipaji. Kama umekwisha kukiruka kisanduku hicho, fungua tena faili lile lile, chagua Modify, bonyeza Next, na katika ukurasa unaofuata uweke tiki kwenye Add Python to environment variables.

Sasa hakikisha. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter, na katika dirisha jeusi litakalofunguka andika:

py --version

Ukiona neno Python likifuatiwa na namba ya toleo, kazi ya kusakinisha imekamilika. Usiendelee mbele kabla ya kuiona namba hiyo.

Pamoja na Python huja kihariri, yaani programu ya kuandikia programu nyingine, kiitwacho IDLE, nacho kinamtosha anayeanza. Vihariri vikubwa kama Visual Studio Code ni vizuri, lakini vinakula bando na kuilemea kompyuta yenye kumbukumbu ndogo, kwa hiyo viache kwa sasa. Fungua IDLE, chagua File, kisha New File, uandike hesabu ya muuza samaki:

kilo = 3
bei = 4500
print("Jumla ni shilingi", kilo * bei)

Lihifadhi faili ndani ya folda yako mwenyewe kwa jina kama samaki.py, kisha bonyeza F5. Utasoma: Jumla ni shilingi 13500. Badilisha bei, ubonyeze F5 tena. Halafu futa kwa makusudi alama moja ya kunukuu uone IDLE inavyokuonyesha mahali penye kosa kwa rangi nyekundu, maana ni afadhali kuzoea ujumbe wa kosa ulilolifanya mwenyewe kuliko kushtushwa na usilolijua.

Jihadhari na Notepad, ambayo mara nyingi huongeza .txt mwishoni mwa jina bila wewe kuiona, faili likawa samaki.py.txt na lisifanye kazi. Vilevile usiite faili lako random.py, kwa sababu Python ina moduli yake (faili la programu iliyokwisha kuandikwa) yenye jina hilo, na siku utakapoihitaji moduli hiyo, Python itasoma faili lako badala yake.

Mwisho, zima intaneti kabisa, funga kila kitu, uwashe kompyuta upya. Fungua samaki.py ndani ya IDLE na ubonyeze F5, kisha F1 ili kufungua maelezo ya lugha, ambayo huwekwa humo humo kwenye kompyuta wakati wa kusakinisha. Vyote viwili vikifunguka, kompyuta yako iko tayari.