Kutafuta wataalamu wa jotoardhi vyuoni: anza na kisima

Usianze na orodha ya maprofesa. Anza na kazi yenyewe: pale Ngozi, Mbeya, kwenye mradi wa jotoardhi (nishati ya joto la chini ya ardhi), nani anaijua kemia ya chemchemi za moto? Nani anapima jinsi miamba inavyopitisha umeme? Uchorongaji wa kisima je? Na sheria ya ardhi, ambayo wengi huisahau?

Kisha fungua tasnifu za uzamili, kuanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Dodoma. Humo utaona nani ameifanya kazi hiyo; cheo cha mlangoni hakitoshi.

Mimi humpigia kwanza fundi sanifu wa maabara. Niliwahi kuandika "mashine ipo" kwenye jedwali langu la wataalamu na vifaa vyao. Kufika, imefunikwa turubai, vumbi tele, kipuri hakuna. Tangu siku hiyo nina safu moja zaidi: "Mara ya mwisho kutumika."