Ukifukuzwa na majangili nyika ya Mkomazi

Kabla sijahamia Tanga mjini kuuza madafu, nililinda wanyama upande wa Mnazi, chini ya Usambara. Vijana huniuliza: mzee, ukikurupushwa na majangili, uko peke yako, unafanyaje?

Usikimbie ovyo. Vumbi lako linaonekana mbali, na jasho ni maji unayoyamwaga. Jichimbie kichakani, kaa kivulini mpaka jua lizame. Simu zima, mwanga wake utakuuza.

Maji ndiyo mtihani. Lamboni usisogee hata koo likikauka, kwa sababu jangili huvizia palepale wanyama wanapokunywa. Mimi nilichimba kwenye korongo kavu, upande wa nje wa kona, pale mchanga ulipokuwa wa baridi kiganjani. Mkono ulizama mpaka kwapani ndipo maji yakaanza kujikusanya, rangi ya chai ya maziwa. Nikayachuja kwa shati. Yalinuka mkojo wa tembo, nikanywa hivyohivyo. Mnyaa usiuvunje ukidhani una maji: utomvu wake ukiingia jichoni, utajuta.

Usiku ndiyo utembee. Usambara iko kusini, inasimama kama ukuta mweusi. Iweke mbele yako. Kaskazini ni Tsavo, Kenya. Kanyaga mawe, si mchanga. Simba naye anatembea saa hizo, basi simama mara kwa mara usikilize.

Ukisikia jogoo, usijitokeze kwanza. Majangili nao wana shemeji vijijini. Mimi nilisubiri mpaka nikamwona mama mmoja akienda kisimani, nikamwamkia kwa Kisambaa.