Video ya harusi inakesha ikirenda? Fanya haya kabla hujanunua kompyuta nyingine

Mashine ninayoeditia hapa Moshi ni ya mezani, ya mtumba, i5-6500 yenye RAM ya GB 16. Haina kadi ya grafiki ya pembeni. Prosesa yake ni ya mwaka 2015, kwa hiyo kwa umri wa kompyuta ni mzee anayesubiri mafao.

Desemba moja, watu wakiwa wamepanda nyumbani na kila wikiendi ni harusi au kipaimara, nilikuwa na harusi ya Marangu, filamu ya dakika 90. Nikabonyeza ekspoti (kompyuta ianze kurenda, yaani kupika kazi yote iwe faili moja la video) saa 3 usiku, nikajilaza kwenye kochi la studio. Saa 1 asubuhi ilikuwa imepita asilimia 90. Umeme ukakatika. Ulivyorudi nikakuta faili la GB 6 ambalo halifunguki popote, na simu ya mama wa bibi harusi inaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo kanda yetu iko wapi? Wageni kesho wanarudi Dar."

Leo kazi kama ile inatoka kwa masaa 2, mashine ni ileile. Nimeongeza SSD tu (diski ya kasi), na kusema kweli si SSD iliyoleta tofauti kubwa. Natumia Premiere Pro. Wewe ukitumia programu nyingine, majina ya vitufe yatabadilika lakini kazi ni ileile.

Hatua ya 1: Pima dakika moja

Usianze kubadilisha chochote. Chagua dakika moja nzito kwenye taimlaini, ya ukumbini wakati wa kuingia maharusi, siyo ya kanisani ambapo kamera imesimama. Weka alama ya mwanzo kwa I na ya mwisho kwa O, ekspoti kipande hicho peke yake, na utege saa ya simu. Kwa fremu 25 kwa sekunde, dakika moja ni fremu 1,500. Yangu ilichukua dakika 7. Zidisha kwa 90: masaa kumi na nusu. Basi sikurogwa, ni hesabu tu.

Wakati inarenda, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager ya Windows, fungua ukurasa wa Performance, uangalie nani kazidiwa:

- Diski iko asilimia 100 huku prosesa imepumzika kwenye 30: tatizo ni diski. Mara nyingi klipu ziko kwenye hard disk ya nje iliyochomekwa USB 2, ambayo kwa hali halisi haivuki MB 40 hivi kwa sekunde. Hamishia kazi kwenye SSD ya ndani, au angalau tumia tundu la USB 3.
- RAM imejaa: funga kivinjari. Zile tabu 20 za YouTube nazo zinakula.
- Prosesa iko 100 lakini spidi yake inashuka: yangu inatakiwa ikae juu ya GHz 3, nikaikuta kwenye 1.4. Hilo ni joto, nenda hatua ya 2.
- Prosesa iko 100 na spidi iko sawa: ruka hadi hatua ya 3. Wengi mtaangukia hapa.

Hatua ya 2: Vumbi

Studio yangu iko kando ya barabara, na kiangazi vumbi linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Prosesa ikichemka hujipunguzia spidi yenyewe ili isiungue. Zima, chomoa waya, toa kasha nje, pulizia. Shika mapanga ya feni kwa kidole unapopulizia, yasizunguke ovyo. Kama miaka imepita bila kuguswa, ng'oa feni ya prosesa, futa ile pesti ya kijivu iliyokauka kama udongo, upake mpya kidogo, kiasi cha punje ya mbaazi.

Hatua ya 3: Zima efekti moja moja

Hapa ndipo usiku wangu ulipokuwa ukipotelea. Rudi kwenye ile dakika moja. Zima efekti ya kwanza, renda, andika muda. Irudishe, zima ya pili, renda, andika. Inachosha, ila ndani ya nusu saa unamjua mwizi.

Mwizi wangu alikuwa efekti ya kuondoa chenga, vile vidoadoa vya picha iliyopigwa gizani. Ukumbi ulikuwa na giza, nikapandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga), picha ikatoka na chenga, nami kwa uvivu nikaimwaga efekti hiyo juu ya taimlaini nzima kwa mkupuo, pamoja na kanisani saa 5 asubuhi ambako hakukuwa na chenga hata moja. Efekti ya namna hii huangalia kila fremu pamoja na jirani zake, ndiyo maana inaburuza. Nilipoizima, dakika 7 zikawa 2 na nusu.

Sasa siiweki ila kwenye klipu zinazoihitaji kweli, na hizo nazirenda mapema: bonyeza klipu kwa kitufe cha kulia, chagua "Render and Replace", toa kwa ProRes 422 (muundo wa video mzito lakini mwepesi kwa prosesa), nenda kanywe chai. Efekti inakuwa imeshapikwa ndani ya klipu mpya, na siku ya ekspoti ya mwisho prosesa haihangaiki nayo tena. Jiandae tu kwa nafasi: ProRes 422 ya 1080p hula karibu GB 1 kwa dakika.

Mwizi wa pili sikumtegemea kabisa: picha za mnato. Zile za bustanini nilizozipanga zipite na wimbo zilikuwa na upana wa pikseli 6,000 kila moja, wakati filamu ina 1,920. Kompyuta ilikuwa inazipunguza upya kwa kila fremu. Nikazipunguza zote mara moja hadi pikseli 2,500, nikabaki na nafasi kidogo ya kuzivuta karibu.

Halafu klipu za simu, zile ambazo shangazi anakutumia jioni na kusema "na hizi uziweke". Nyingi ni HEVC (H.265, mbano mpya unaoitesa prosesa ya zamani), na simu hupandisha na kushusha idadi ya fremu kwa sekunde itakavyo. Zipitishe kwanza HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video, zitoke H.264 (mbano wa kawaida) yenye idadi ya fremu isiyobadilika. Kama ni za biti 10 ndiyo kabisa, maana prosesa za Intel za kizazi cha sita, kama yangu, hazina msaada kamili wa hadiwea wa kuzisoma.

Na proksi, zile nakala nyepesi za klipu? Zinarahisisha kuediti, hilo halina ubishi. Ila wakati wa ekspoti programu kwa kawaida hurudi kwenye klipu halisi, kwa hiyo usizilaumu kwa kosa lisilo lao.

Hatua ya 4: Setingi za kutolea

Kwenye dirisha la ekspoti, chagua H.264, kisha tafuta sehemu ya Performance uweke "Hardware Encoding". Kazi ya kubana video inahamia kwenye kipande maalumu kilichomo ndani ya chipu ya Intel, kinaitwa Quick Sync, kilichoanza kuwekwa mwaka 2011. Premiere inataka angalau kizazi cha sita. Kizazi unakijua kwa tarakimu moja au mbili za mwanzo baada ya kistari: i5-6500 ni cha sita, i7-10700 ni cha kumi. Ukiwa na kadi ya grafiki ya pembeni na chaguo la Intel halionekani, ingia BIOS (setingi za kompyuta kabla Windows haijawaka): mara nyingi grafiki ya ndani huzimwa kadi ikichomekwa.

Kubana kwa hadiwea kunapoteza ubora kidogo ukilinganisha na prosesa kwa bitireti ileile (kiasi cha data kwa kila sekunde ya video). Mimi naongeza bitireti hadi Mbps 10 au 12 kwa 1080p na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Weka VBR ya pasi moja (bitireti inayopanda na kushuka, video ikipitiwa mara moja tu). Toa tiki kwenye "Use Maximum Render Quality". Na kama ulipiga 4K lakini mteja ataangalia kwenye TV ya sebuleni, toa 1080p. 4K ina pikseli mara nne.

Hapo dakika yangu ya majaribio ikashuka hadi dakika 1 na sekunde 20.

Hatua ya 5: Toa kwa vipande

Faili la MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa mwishoni kabisa, ile inayosema fremu ipi iko wapi. Umeme ukikatika kabla ya hapo, unabaki na GB 6 za nyumba isiyo na mlango. UPS yangu, ile betri ya akiba, inashika dakika 10 tu, haiwezi kuniokoa.

Kwa hiyo gawa filamu: nyumbani, kanisani, picha, ukumbini. Kata mahali picha inapoingia giza na muziki umenyamaza, maana kwenye maungio sauti huweza kukwaruza. Ekspoti kila kipande kwa setingi zilezile, usibadilishe hata moja. Kisha andika faili la orodha.txt:

file 'nyumbani.mp4'
file 'kanisani.mp4'
file 'picha.mp4'
file 'ukumbini.mp4'

Uliweke folda moja na video, fungua dirisha la amri humo, uandike (ffmpeg ni programu ya bure, uwe umeisakinisha):

ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy harusi.mp4

Hairendi upya, inaunganisha tu, kwa hiyo inachukua muda kama wa kunakili faili. Angalia kila ungio kwa macho na masikio. Na mama wa bibi harusi akisema jina la baba mkwe limekosewa, unarudia kipande kimoja, siyo filamu nzima.

Vipande usivifute. Dakika 90 kwa Mbps 10 ni karibu GB 7, na flashi iliyoformatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani, haipokei faili linalofika GB 4. Ukiiformati kwa exFAT itapokea, lakini TV nyingi za zamani hazitaisoma. Nyumba ya namna hiyo wapelekee vipande. Ukumbini, ambako ndiko kurefu, ukate mara mbili, kabla ya keki na baada ya keki.